Muhammed Said Abdulla: Kutoka Uhariri hadi Riwaya ya Upelelezi

1. Utangulizi

Historia ya riwaya ya Kiswahili huandikwa mara nyingi kana kwamba waandishi wake hawakuwa na kazi nyingine duniani ila kutunga. Hutajwa mwaka wa kuzaliwa, hutajwa orodha ya vitabu, kisha mhakiki huingia moja kwa moja katika uchambuzi wa fani na maudhui. Kazi aliyoifanya mwandishi kwa ajili ya riziki yake huachwa pembeni kama jambo lisilohusu fasihi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa upande wa Muhammed Said Abdulla wa Unguja, jambo hilo linahusu sana. Abdulla alikuwa mkaguzi wa afya kwa miaka 10, kisha mwandishi na mhariri wa magazeti na majarida kwa miaka 20, na ndipo alipojitoa kuwa mwandishi wa riwaya. Kwa maoni yetu, mpelelezi wake mashuhuri, Bwana Msa, hawezi kueleweka vizuri pasipo kuijua miaka hiyo 30.

Fikra ya kuandika makala haya ilitujia Garissa. Tulikuwa tukifundisha Mzimu wa Watu wa Kale kwa wanafunzi ambao wengi wao lugha yao ya kwanza ni Kisomali, na ambao wamezaliwa na kulelewa katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Tulikuwa tumejiandaa kueleza mambo ya Unguja yanayoweza kuwatatiza: mzimu ni nini, shamba la mikarafuu likoje, kwa nini watu wapeleke sadaka kwenye pango au gofu. Hayo hayakuwatatiza hata kidogo. Lililomtatiza mwanafunzi mmoja lilikuwa jambo ambalo hatukulitazamia. Aliuliza kwa nini, baada ya maiti kupatikana, askari hawakuwakamata watu wa kijiji kizima. Wenzake walicheka, lakini hawakumcheka yeye. Ilikuwa wazi kwamba swali lenyewe walikuwa wakilijua kutoka nyumbani.

Swali hilo hatukulijibu siku ile. Haya tunayoyaandika ni jaribio la kulijibu. Hoja yetu ni kwamba msingi wa riwaya za Abdulla si burudani ya fumbo tu. Msingi wake ni kanuni kwamba kosa ni la mtu, wala si la jamii yake, na kwamba mtu huyo hawezi kutajwa kabla ya ushahidi kumfikia. Kanuni hiyo Abdulla hakuipata katika vitabu vya Kiingereza peke yake. Aliipata pia mezani, akiwa mwandishi wa magazeti, katika visiwa ambamo magazeti yalikuwa yakitamka hukumu kila wiki.

2. Mkaguzi wa Afya

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, tarehe 25 Aprili 1918. Makunduchi ni mji wa shamba wenye mila zilizokita mizizi, na hata leo hujulikana kwa sherehe za Mwaka Kogwa. Kwa hiyo mambo ya mizimu, waganga na ramli, ambayo msomaji huyakuta katika riwaya zake, hayakuwa kwake habari za kusimuliwa na wageni. Aliyakuta nyumbani.

Alipomaliza mafunzo yake mwaka 1938, aliajiriwa kuwa mkaguzi katika Idara ya Afya. Wahakiki hulitaja jambo hili kwa sentensi moja na kupita. Sisi tunapenda kusimama hapa kidogo. Mkaguzi wa afya huingia katika nyumba za watu kwa ruhusa ya sheria. Hutazama mtungi wa maji, hutazama choo, hutazama kifuu kilichojaa maji ya mvua nyuma ya jiko, na kila anachokitazama hukisoma kama alama ya jambo jingine. Mwenye nyumba husema mtoto ameingiwa na shetani. Mkaguzi huuliza maji haya yamekaa hapa tangu lini. Hana haja ya kubishana naye juu ya shetani. Kazi yake ni kukitafuta chanzo kinachoshikika.

Ni jambo la kukumbukwa kwamba Arthur Conan Doyle, muumbaji wa Sherlock Holmes, naye alikuwa daktari kabla ya kuwa mwandishi, na kwamba Holmes alifinyangwa kwa mfano wa mwalimu wake wa udaktari, Joseph Bell wa Edinburgh, aliyekuwa na sifa ya kumsoma mgonjwa kwa kumtazama tu. Wahakiki wamelinganisha sana Bwana Msa na Holmes: kiko kinywani, utulivu wa kufikiri, na mwandani, Najum, ambaye huona yote asielewe yote, kama Watson. Ulinganisho huo ni sahihi. Lakini mara nyingi husemwa kwa namna ya kumpunguzia Abdulla sifa, kana kwamba alinakili. Sisi twaona kwamba watu hawa wawili walikutana pia kwa njia ya kazi. Kila mmoja alifundishwa kutafuta maradhi kabla ya kufundishwa kutafuta muuaji.

3. Mhariri katika Miaka ya Magazeti

Mwaka 1948 Abdulla aliacha ukaguzi akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka 10 iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al-Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Msomaji asiyeijua Unguja ya siku hizo huyapita majina haya kama orodha tu. Anayeijua hushangaa. Al-Falaq, lililoanza mwaka 1929, lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu. Afrika Kwetu lilikuwa sauti ya Jumuiya ya Waafrika. Hayo hayakuwa magazeti ya kupishana kwa habari na matangazo ya biashara. Yalikuwa yakishindana juu ya swali la nani ni mwenyeji wa visiwa na nani ni mgeni, nani aliyemdhulumu mwenziwe, na nani astahili kutawala Mwingereza akiondoka.

Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 2011 juu ya Zanzibar, ameonyesha kwa kirefu jinsi maneno ya magazeti na majukwaa yalivyotangulia mawe na mapanga. Mwaka 1954 viongozi wa Jumuiya ya Waarabu walishitakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya makala za Al-Falaq. Hizbu ikaundwa mwaka 1955, Afro-Shirazi mwaka 1957, na uchaguzi wa kwanza ukafanywa Julai mwaka huohuo. Kufikia uchaguzi wa Juni 1961 fujo zilizuka na watu 68 wakauawa. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi.

Abdulla basi alikaa katika vyumba vya pande zote mbili. Hatudai kwamba hakuwa na msimamo wa siasa. Mtu wa zama zile asiyekuwa na msimamo alikuwa nadra. Tunachosema ni kwamba mtu aliyepitisha kalamu katika Al-Falaq na katika Afrika Kwetu aliona kwa karibu jinsi tuhuma inavyotengenezwa. Mhariri hupokea barua isemayo kwamba watu fulani ndio wezi, au wachawi, au wasaliti. Anaweza kuichapa kama ilivyo. Anaweza pia kumuuliza mwandishi wake: ni nani hasa? Lini? Ulimwona kwa macho yako? Tofauti kati ya mhariri wa namna ya kwanza na wa namna ya pili ndiyo tofauti kati ya gazeti la uchochezi na gazeti la habari. Ukiyatazama maswali hayo matatu, utayaona kuwa ndiyo maswali ya Bwana Msa.

4. Shindano na Kitabu cha Kwanza

Shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948 na makao yake yakiwa Nairobi, lilikuwa na kazi ya kuchapisha na kusambaza vitabu kwa lugha za Afrika ya Mashariki. Lilipoandaa shindano la hadithi za Kiswahili la 1957-58, hadithi ya Abdulla ndiyo iliyopata nafasi ya kwanza. Ilichapishwa mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Mwaka huohuo ilitoka pia Kurwa na Doto ya Muhammed Saleh Farsy, naye Mzanzibari. Kwa hiyo mwaka 1960 unastahili kuhesabiwa kuwa mwaka mkubwa katika historia ya riwaya ya visiwani.

Wasomaji wa Kiswahili hawakuwa wageni wa hadithi ndefu za kizungu. Mashimo ya Mfalme Sulemani, kwa mfano, ilikuwapo kwa Kiswahili tangu mwaka 1929. Lakini hizo zilikuwa tafsiri, na mashujaa wake walikuwa Wazungu waliokuja kutafuta mali Afrika. Upande wa pili alikuwapo Shaaban Robert, ambaye nathari yake ilielekea kwenye maadili na mifano, na ambaye nchi zake nyingi za hadithi hazimo katika ramani. Abdulla alifanya jambo jipya. Aliweka hadithi katika Unguja inayotambulika, akawapa watu wake mazungumzo ya Kiunguja cha kila siku, chenye mzaha na mafumbo, akamfanya shujaa wake kuwa mtu ambaye nguvu yake yote imo katika akili.

Kisa chenyewe ni maarufu. Tajiri mmoja, Bwana Ali, anakutwa ameuawa mahali pa mzimu, mahali ambapo watu hupaogopa na kupatolea sadaka. Watu wa pale wana jibu tayari: mzimu umekasirika. Polisi, akiwamo Inspekta Seif, wana njia yao. Bwana Msa, ambaye si askari na hana cheo chochote, hafuati njia hizo. Yeye huanza na kukiri kwamba hajui. Hatua kwa hatua anauvua mzimu vazi lake, na chini ya vazi hilo tunamkuta binadamu mwenye tamaa, kama binadamu yeyote.

Tuzingatie kwamba imani ya mzimu inafanya kazi mbili katika riwaya hii. Kwanza ni mila ya watu, na Abdulla haidharau. Anaieleza kwa ukaribu wa mtu aliyekulia Makunduchi. Pili ni maficho. Muuaji hujificha nyuma ya jambo ambalo kila mtu analiamini, kwa sababu jambo linaloaminiwa na wote halichunguzwi na yeyote. Hapa ndipo tunapoona kwamba hoja ya riwaya ni pana kuliko ushirikina. Imani yoyote ya jumla inaweza kuwa mzimu wa namna hiyo. Kusema kwamba watu wa kabila fulani ni wahalifu kwa asili yao ni kumpa mhalifu wa kweli pango la kujificha.

Tunapenda pia kugusia jina la mpelelezi. Herufi za mwanzo za Muhammed Said Abdulla ni M, S na A. Mwandishi amejiweka ndani ya kitabu chake kwa herufi tatu, kama mwandishi wa gazeti anavyotia herufi zake chini ya makala ili ajulikane nani wa kuulizwa.

5. Miaka ya Mkulima na Riwaya za Baadaye

Ingetazamiwa kwamba mwandishi aliyeshinda shindano angeacha kazi na kuandika kitabu baada ya kitabu. Haikuwa hivyo. Mwaka 1958 Abdulla alikuwa mhariri wa jarida la kilimo, Mkulima, na akabaki katika kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 1968. Katika miaka hiyo 10, mbali na Mzimu wa Watu wa Kale ambayo ilikwisha kushinda, hakutoa riwaya nyingine mpaka mwisho wake. Kisima cha Giningi ilitoka mwaka 1968, mwaka uleule wa kustaafu. Kisha zikafuatana: Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Riwaya 7 kwa jumla, na 6 kati yake zilitoka baada ya yeye kutimiza miaka 50.

Hesabu hii inatufundisha mambo mawili. Kwanza, mhariri huyu hakugeuka mwandishi wa riwaya kwa siku moja. Kazi ya jarida ilichukua miaka ambayo waandishi wengine huiita miaka yao bora. Pili, jarida la kilimo halikuwa mahali pa kupotezea kipaji. Mwandishi wa Mkulima humwandikia mtu anayetaka kujua kwa nini mmea wake umekauka. Hawezi kumjibu kwa maneno matamu. Lazima amwongoze kutoka dalili hadi chanzo, kwa lugha nyepesi, pasipo kuruka hatua. Anayesoma maelezo ya Bwana Msa mwishoni mwa kisa, pale anapowakusanya watu na kuwafungulia fumbo kidogo kidogo, ataona mpangilio wa namna hiyohiyo.

Majina ya vitabu nayo yanasema jambo. Viwili vya kwanza vimetajwa kwa mambo ya kutisha: mzimu, na Giningi, ambayo katika simulizi za visiwani ni mji wa wachawi. Vya miaka ya 1970 vimegeuka. Sasa tunaambiwa kwamba duniani kuna watu. Tunaambiwa habari ya mke na waume, na ya mwana. Fumbo limetoka pangoni likaingia nyumbani, katika nasaba, ndoa na urithi. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo hatua ya ukomavu wa mwandishi. Baada ya kuthibitisha kwamba mizimu haiui, alibaki na swali gumu zaidi: watu huweza vipi kuishi miaka mingi chini ya paa moja pasipo kuambiana ukweli? Kisha kinakuja kitabu cha mwisho, ambacho jina lake linampa mpelelezi mwenyewe kosa. Ni waandishi wachache wa upelelezi waliothubutu kuliweka kosa la shujaa wao juu ya jalada.

6. Nafasi yake Miongoni mwa Wenzake

Abdulla alifungua mlango, na wengine wakaingia. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na katika miaka ya 1970 na 1980 hadithi za upelelezi zilizagaa Dar es Salaam. Nyingi kati ya hizo zilielekea mjini, kwenye magari, bastola na mbio za usiku. Bwana Msa alibaki mtu wa kukaa kitini na kufikiri.

Nchini Kenya tuna mfano mwingine wa mhariri aliyejaribu riwaya ya namna hii, naye ni Hilary Ng'weno. Ng'weno aliliongoza gazeti la Nation akiwa Mwafrika wa kwanza kulihariri, akaanzisha jarida la mzaha la Joe pamoja na Terry Hirst mwaka 1973, na The Weekly Review mwaka 1975. Mwaka huohuo wa 1975 alitoa riwaya ya Kiingereza, The Men from Pretoria, yenye kisa cha majasusi wa Afrika Kusini. Lakini Ng'weno, aliyefariki mwaka 2021, alikumbukwa zaidi kwa jarida lake. Abdulla, kinyume chake, aliyahariri magazeti ambayo leo wengi hawayajui ila kwa sababu yeye aliyahariri.

Wahakiki wa miaka ya Azimio la Arusha hawakumtendea Abdulla upole. Fasihi ilitakiwa ijenge jamii mpya, na hadithi ya upelelezi ilionekana kuwa kitu cha kupitishia wakati. Ilisemwa kwamba Bwana Msa ni mtu wa tabaka lenye nafasi, kwamba wakulima katika riwaya hizi wako pembeni, na kwamba Mapinduzi ya 1964 hayakufanywa kuwa hoja yake. Lawama hizi zina ukweli ndani yake. Mtu anayeishi kwa kibarua hana nafasi ya kuvuta kiko na kutafakari siku tatu juu ya alama ya kiatu. Tena watu humjibu Bwana Msa maswali yake kwa sababu ni bwana. Angekuwa mchukuzi wa bandarini, wangemfukuza. Hata hivyo lawama hizo zimeacha jambo moja. Katika nchi iliyokuwa imegawanyika kwa makundi ya asili, Abdulla aliandika vitabu ambavyo ndani yake asili ya mtu kamwe si ushahidi. Hilo halikuwa jambo la kupitishia wakati.

7. Msomaji wa Kaskazini Mashariki

Sasa turudi kwenye swali la mwanafunzi wetu. Kwa nini askari hawakukamata kijiji kizima?

Swali hili lina historia. Eneo lililoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini lilitawaliwa tangu mwaka 1902 kwa sheria ya wilaya za pembezoni, na tangu mwaka 1934 kwa sheria ya wilaya maalumu. Sheria hiyo ya pili iliwapa watawala uwezo wa kuwakamata watu na kuichukua mifugo ya kabila lililotajwa kuwa adui. Haikuhitajika kuthibitisha nani alifanya nini. Ilitosha kuthibitisha ni wa kabila gani. Baada ya Uhuru, hali ya hatari ilitangazwa katika eneo hilo Desemba 1963, vita vya shifta vikaendelea hadi 1967, na kanuni za hali ya hatari hazikuondolewa hadi mwaka 1991. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa, mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa ulichomwa moto na wakazi wakakusanywa katika uwanja wa shule. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakawekwa hapo kwa siku kadhaa, na wengi wakauawa. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walitakiwa kupita mbele ya maofisa ili kuthibitisha uraia wao.

Methali ya Kiswahili husema kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Huenda ikafaa kwa samaki. Ikitumiwa kwa watu huwa sheria ya mwaka 1934. Riwaya ya upelelezi, kwa umbo lake lenyewe, ni jibu la methali hiyo. Haiwezi kwenda mbele pasipo kuwatenga watu mmoja mmoja: huyu alikuwa wapi, yule alinufaika na nini, huyu tumwache kwa kuwa hakuna linalomgusa. Kumwondoa asiye na hatia katika orodha ni nusu ya kazi ya Bwana Msa. Kwa msomaji wa Unguja huenda hiyo ni kanuni ya mchezo tu. Kwa msomaji wa Garissa ni jambo geni na lenye uzito, kuona kitabu kizima kikitumia kurasa zake ili asije akaadhibiwa mtu kwa kosa la mwingine.

Iko pia habari ya lugha. Kiswahili kiliingia sehemu nyingi za kaskazini mashariki kikiwa lugha ya ofisi, kambi na kizuizi cha barabarani. Wasomali wa Kenya huitwa na ndugu zao wa Somalia kwa jina la Sijui, kwa sababu ya neno hilo la Kiswahili walilozoea kulisikia kwao. Ni jina la utani, lakini linabeba historia. Mtu anayeulizwa na askari kwa lugha isiyo yake, juu ya jambo ambalo kila jibu lake laweza kumdhuru, hana neno lenye usalama zaidi kuliko sijui. Katika riwaya za Abdulla neno hilohilo lina kazi nyingine. Anayelitamka ni mwulizaji, naye analitamka ili aanze kutafuta. Tuliwaonyesha wanafunzi wetu tofauti hiyo, na nadhani ndiyo saa walipoanza kuiona lugha hii kuwa yao pia. Kiswahili kilichowauliza wazee wao vitambulisho ndicho hichohicho kinachoweza kumwuliza mwenye mamlaka ushahidi wake uko wapi.

Wala hilo si jambo la vitabuni peke yake. Aprili 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilianza vikao vyake vya hadhara mjini Garissa, na watu wakasimama wakaeleza waliyoyaona. Ripoti yake ilikabidhiwa mwaka 2013. Hapa lazima tukiri mpaka wa riwaya ya upelelezi. Kwa Bwana Msa, fumbo likifunguka, kisa kimekwisha. Mkosaji akitajwa, msomaji hufunga kitabu akiwa ametosheka. Katika historia, kutajwa kwa ukweli si mwisho wa kisa. Mambo ya Wagalla yameelezwa, yameandikwa na kukabidhiwa kwa serikali, na bado waliofiwa hawajafunga kitabu. Abdulla hakuandika juu ya ulimwengu ambamo ushahidi umetolewa na hakuna aliyeinuka. Riwaya hiyo inangoja mwandishi wake, na hatuoni kwa nini asitoke Garissa.

8. Hitimisho

Muhammed Said Abdulla alifariki mwaka 1991. Tumejaribu kuonyesha kwamba kazi zake tatu, ukaguzi wa afya, uhariri na utunzi wa riwaya, zilikuwa na swali moja ndani yake: tunajuaje? Mkaguzi aliliuliza juu ya maradhi, mhariri akaliuliza juu ya maneno ya watu, mwandishi akaliuliza juu ya kifo na nasaba. Tumeonyesha pia kwamba riwaya yake ya kwanza iliandikwa katika miaka ambayo wenziwe wengi wa magazetini walikuwa wamekwisha kupata majibu yao kabla ya kuuliza.

Tunapendekeza mambo mawili. La kwanza ni kwamba watafiti wa fasihi ya Kiswahili wageukie makala za magazeti ya Unguja ya 1948 hadi 1958, na kurasa za Mkulima, wazisome kama sehemu ya kazi za mwandishi huyu. La pili linawahusu walimu. Riwaya za Bwana Msa zisifundishwe kama mazoezi ya kutambua mbinu za taharuki tu. Mwalimu awaulize wanafunzi wake ni nani katika kitabu angalikamatwa kama Bwana Msa asingalikuwapo, na kwa sababu gani.

Mwanafunzi wetu tunamjibu hivi: askari wa riwaya ile hawakukamata kijiji kizima kwa sababu mwandishi wake aliamini kwamba kijiji hakiui, mtu ndiye auaye. Tungependa siku moja swali lake lionekane la ajabu kwa kila atakayelisikia, Garissa kama kwingineko.